Ngoro za Kitubio

Nyuki waliingia kanisani kwetu Mapera wakati katekista anatufundisha uvumilivu. Mimi nilikuwa mtoto bado, kaptura yangu ina matundu mawili nyuma, nimekaa benchi la mbele kwa sababu mama alitaka Mungu anione vizuri. Wakaja kundi zima kupitia dirishani, wanavuma kama mashine ya kusaga, wakazunguka juu ya vichwa vyetu, halafu wakatua kwenye sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Wakamfunika kidevu chote. Ndevu zake za rangi zikawa ndevu za nyuki, zinatembea.

"Tusiogope," akasema katekista. "Nao ni viumbe vya Mungu. Tuvumilie."

Basi kiumbe kimoja cha Mungu kikaingia kwenye mguu wa suruali yake. Aliruka. Alijipiga paja kwa kitabu cha sala. Na neno alilolisema, alilisema kwa Kimatengo, lilimhusu mama wa yule nyuki, na mimi siliandiki hapa kwa sababu nilipolirudia nyumbani kumwuliza mama maana yake nilipigwa na mwiko ulio na ugali wa moto.

Baba yangu ndiye aliyewatoa. Alikuwa na mizinga porini, nyuki hawakumtisha. Alileta kijinga cha moshi na kikapu, akapanda juu ya kiti cha katekista bila kuomba ruhusa, akamkung'uta Mtakatifu Yosefu taratibu kama mtu anayekung'uta shuka, nyuki wakaanguka kikapuni. Akaenda nao nyumbani. Watu wakasema ni wizi wa mali ya kanisa. Baba akajibu kwamba Yosefu alikuwa fundi, anajua kazi, angetaka nyuki wake wapate mzinga.

Asali ya nyuki wale ilikuwa nyeupe na nzito. Baba alipofariki aliniachia mizinga, na mimi nilipotaka kuoa nilijaza ndoo ya asali ile nikateremka nayo ziwani, Chiwanda, maana mwanamke niliyemtaka alikuwa Mnyasa. Tulikutana Mbinga mjini, yeye anauza mbasa, samaki wa ziwani, wakavu, mimi nimekwenda kununua msumeno. Msumeno sikununua. Lakini hiyo habari tuiache.

Huko ukweni nilikalishwa mkekani, nikaletewa ugali wa muhogo, mweupe, unavutika. Sisi wa milimani ugali wetu ni wa mahindi, na mboga yetu ni maharage, na siku ya sikukuu ni maharage mengi zaidi. Nilihangaika na ule ugali kama mtu aliyekanyaga lami mbichi. Wakanicheka. Nikanuna. Mama mkwe akafungua ndoo yangu, akachovya kidole, akalamba, akanitazama.

"Asali tamu," akasema. "Mwenye asali mbona uso mchungu?"

Sasa hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Mama mkwe aliniona siku ya kwanza tu. Kuna watu wanazaliwa na kilema cha mguu. Mimi nilizaliwa na hasira. Nikipanda kitandani nayo, naamka nayo. Shule niliishia darasa la nne, na sikuishia kwa kukosa akili, niliishia kwa kumrushia mwalimu dasta aliyonirushia yeye kwanza. Nimewahi kugombana na jogoo. Nimewahi kuitupa redio bondeni kwa sababu ya mtangazaji aliyecheka wakati anasoma vifo. Halafu nikateremka bondeni kuitafuta, nayo bado inacheka.

Na Mkristo ni Mkristo. Jumapili sikosi. Nimebatizwa, nimekomunika, nina kipaimara, nimefunga ndoa. Hasira yangu ilipitia sakramenti zote hizo pamoja nami na haikupungua hata kidogo. Katekista wa nyuki alinifundisha kitu kimoja: maji ya ubatizo hayafiki chini ya suruali.

Mke wangu alivumilia miaka mingi kule Matiri, kwenye shamba aliloniachia baba. Tulilea watoto, wakakua, wakaondoka, mmoja akajenga kando yetu. Tulibaki wawili na kahawa yetu, na jirani.

Jirani huyu shamba lake lilipakana na langu upande wa chini na upande wa kushoto. Mtu mnene, sauti nene, anaimba besi kwaya, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, ile tunayokutana Jumamosi asubuhi kusali nyumba kwa nyumba. Kosa lake ni moja. Alipanda milingoti mpakani, ile miti ambayo wengine wanaiita mikaratusi. Ule mti ni mlevi. Haunywi maji, unayafakamia. Kisima chetu cha pale chini kikawa tope, kisha kikawa kumbukumbu. Na kivuli cha milingoti asubuhi kinalala juu ya kahawa yangu, kahawa inaiva kwa aibu, tunda moja moja.

Nikamwambia: "Jirani, kata miti."

"Kaka, miti ni baraka."

"Baraka kwa nani?"

"Tuombe," akasema. "Tuliweke mikononi mwa Bwana."

Mtu akikukosea halafu akakwambia tuombe, afadhali akupige. Nilitukana pale hadi ndege wakaondoka kwenye hiyo milingoti. Na Jumamosi iliyofuata, kwenye maombi ya jumuiya, mwenyekiti akafumba macho, akasema kwa besi yake: "Tuwaombee wenye hasira miongoni mwetu." Wote wakajibu, "Ee Bwana, utusikie," wote wananitazama mimi. Hata vipofu wangenitazama.

Ikawa hivyo kila wiki. Mimi nikirudi nyumbani sufuria zinaruka. Kichwa kinauma, usingizi hauji. Nikaenda zahanati, muuguzi akanifunga kile kitambaa cha mkononi, akakijaza upepo, akakunja uso.

"Presha yako ipo juu, baba. Punguza mawazo."

"Mawazo yangu yana milingoti."

"Basi punguza milingoti."

Mke wangu alikuwa amekaa pale pembeni. Hakucheka. Njiani akasema, "Presha hiyo si yako peke yako, mzee. Mimi nayo ninayo, ila hakuna anayenifunga kitambaa." Wiki haikuisha akafunga nguo zake. Alisema mama yake kule Chiwanda amezeeka anahitaji mtu, na ni kweli alikuwa amezeeka, lakini alikuwa mzee tangu zamani. Akanyanyua mfuko wake, akasema tena:

"Nitarudi nikisikia umepoa. Na nisisikie kwako. Nisikie kwa watu."

"Watu gani?"

"Nitajua mwenyewe."

Nilijua watu gani. Shoga yake alikuwa mke wa jirani. Yule mwenye milingoti! Huyo shoga ndiye atakayepiga simu kueleza tabia zangu. Mke wangu, roho yangu, ugali wangu, alikuwa amening'inia kwenye ulimi wa nyumba ile niliyoichukia kuliko zote duniani.

Ilikuwa Kwaresima. Nikaenda kuungama. Tulikuwa na padri kijana, mgeni, ametoka mikoa ya mbali huko ambako nchi ni bapa kama sinia. Alikuwa na bidii, ana pikipiki, anapiga picha milima yetu.

"Padre, nina hasira."

"Dhidi ya nani, mzee wangu?"

"Nianzie juu ya kilima au chini?"

Nikaanza chini. Nilimwambia yote, na mke wangu alivyoondoka nikamwambia. Nilijua atanipa Salamu Maria, na Salamu Maria mimi huwa nazimaliza kabla sijatoka mlangoni. Lakini akasema:

"Nimeona mnachimba yale mashimo mlimani. Ngoro. Kazi nzuri sana ile. Basi kitubio chako ni hiki: kila hasira ikikujia, usifungue mdomo. Chukua jembe, chimba ngoro moja, huku unasali Baba Yetu polepole. Mpaka Pasaka."

Nikawa kama niliyepigwa na mlango. Padri wa watu hakujua, na nani angemwambia? Huku kwetu ngoro ina jinsia. Mwanamume anafyeka majani marefu, anayaacha yanyauke, anayalaza mteremkoni mistari ya kwenda na mistari ya kukata, yanatokea madirisha. Hapo kazi yake imekwisha, anakwenda kutafuta kivuli. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe, anachimba katikati ya kila dirisha, anafunika majani kwa udongo. Linabaki shimo la kuzuia maji, na pembeni tuta la kupandia. Tangu babu wa babu. Mwanamume wa Kimatengo akikutwa ameinama anachimba ngoro, ni sawa na akutwe amevaa kanga, anasuka.

Nilitaka kumwambia, Padre, nipe kingine. Ila kitubio hakibishaniwi bei. Tena nilimkumbuka mke wangu na ule mfuko.

Ngoro ya kwanza niliichimba siku ileile. Nilitoka kanisani nikamkuta jogoo wa jirani juu ya meza yangu, ndani, anakula ugali. Mdomo ukajaa maneno. Nikaufunga. Nikachukua jembe, nikapanda shambani, nikafyeka, nikalaza bila kusubiri yanyauke, nikachimba. Baba Yetu, jembe. Uliye mbinguni, jembe. Nilikwenda vizuri mpaka pale penye kuwasamehe waliotukosea, hapo ulimi ukagoma kabisa, jembe likasimama hewani. Nikaruka. Nikaendelea na majaribu na maovu, nikamaliza. Mungu kama alisikia, hakusema kitu.

Nikiri jambo: ilifanya kazi. Si kwa utakatifu. Mgongo ukiuma sana, kinywa hakina nguvu ya kutukana. Muumba aliniumbia mdomo na mikono visivyofanya kazi pamoja, na nilifika uzee bila kujua. Nikilala, nalala kama gogo.

Wanawake walinigundua upesi. Walikuwa wanapita njia ya juu na kuni, mabinti wa kijijini, nami nimeinama, makalio yanatazama barabara. Wakasimama. Nikasikia kicheko kimebanwa. Mmoja akapaza sauti kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama!"

Nami kwa mazoea, bila kuinuka, nikajibu: "Marahaba."

Kuni zilianguka. Walikaa chini njiani wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mwingine akauliza, "Kwani babu kaolewa na nani?" Hasira ikaja kama moshi wa mkaa mbichi. Mdomo nikaufunga. Nikachimba ngoro nyingine palepale mbele yao, wakacheka zaidi, nikachimba ya tatu. Unaona ugonjwa wa dawa hii? Kila ngoro inaleta wachekaji, kila wachekaji wanaleta ngoro.

Kueleza sikuweza. Ningesema nini, kwamba nimepewa kwenye maungamo? Habari zikatembea zenyewe. Wengine wakasema nimerogwa. Wengine wakasema mke wangu aliniwekea kitu cha ziwani kwenye chai kabla ya kuondoka. Jioni simu ikalia, ni mke wangu.

"Mzee, nasikia unachimba ngoro."

"Nani kakwambia?"

"Kwani uongo?"

"Nachimba."

Nasikia mawimbi nyuma yake na mtu anaita mbuzi.

"Umekunywa nini?"

"Sijanywa."

"Lala basi," akasema. "Kesho nenda zahanati."

Lakini baada ya hapo simu zikabadilika. "Shoga yangu anasema jogoo wao ameingia kwako akatoka mzima." Nikasema ndiyo. "Anasema umepita karibu na milingoti ukawasalimia." Nikasema niliwasalimia. Sikumwambia kwamba ile salamu ilinigharimu ngoro sita. Sauti yake ikaanza kurudi ile ya mbasa, ya kule sokoni, ya kabla ya redio kwenda bondeni. Mwishowe akasema, "Jumamosi ya kabla ya Matawi jumuiya inasali kwa shoga yangu. Amesema atanipigia niisikie mwenyewe. Ukitoka pale salama, mzee, Pasaka nakula kwako."

Nadhani sijawahi kuogopa Jumamosi kama ile.

Sasa nieleze kosa, maana bila kosa hadithi hii ingekuwa mahubiri. Mlima wangu ulikuwa umejaa. Hasira zangu zilikuwa nyingi kuliko ardhi yangu. Nilipomaliza vipande vyote vilivyolala bila kulimwa nilikwenda tu kushoto, nafyeka, nalaza, nachimba, macho chini, Baba Yetu mdomoni. Upande wa kushoto kulikuwa na mfereji wa mpaka aliouchimba baba, lakini mfereji ulishafunikwa na majani marefu kuliko mimi, na mtu aliyeinama anamwona nani? Mwenye kutubu haangalii mipaka. Nilivuka. Nilikata majani ya jirani, nikayalaza mistari mizuri, nikamchimbia jirani ngoro safi, zimekaa kama sega la asali, kutoka mferejini hadi karibu na bomba la maji la kijiji.

Niligundua asubuhi moja nilipopanda na jembe nikamkuta jirani amesimama katikati ya ngoro na mkewe. Wanapanda maharage. Juu ya matuta yangu. Anaimba.

"Asante, kaka," akaniambia. "Umenilimia. Roho Mtakatifu ni wa ajabu."

Niliinua kidole. Nikashusha. Nikageuka kutafuta mahali pa kuchimba.

Jumamosi ikafika. Tulikusanyika sebuleni kwake, mimi nimekaa karibu na mlango, jembe nimeliacha nje ukutani kwa sababu siku hizo sikwenda popote bila jembe, kama mtu wa presha na vidonge vyake. Juu ya meza, kati ya mshumaa na msalaba, mama mwenye nyumba akaweka simu yake, imefunguliwa sauti. Najua nani yuko upande wa pili. Nasikia mawimbi.

Tukasali rozari. Salama. Tukasoma Injili. Salama. Halafu mwenyekiti akasimama, akatunisha kifua.

"Ndugu zangu, kuna jambo. Mwenzetu mmoja amevuka mpaka, akaingia shambani mwangu, akalima bila ruhusa. Sheria ipo, serikali ya kijiji ipo. Lakini mimi ni Mkristo." Akanifungulia mikono. "Kaka, mimi nimekusamehe."

Wakapiga makofi! Wazee, akina mama, wote. Mzee mmoja akafuta machozi. Milingoti imekunywa kisima changu, maharage yake yamekaa juu ya mgongo wangu, na anayesamehewa ni mimi. Yesu mwenyewe aliona upuuzi mdogo kuliko huo hekaluni akapindua meza, wala hakuna aliyempa ngoro achimbe.

Ile hasira ikapanda. Ilianzia magotini. Ikapita tumboni, ikafika kifuani, na nilisikia neno la katekista, lilelile la nyuki, la tangu utotoni, limesimama nyuma ya meno yangu, limevaa viatu, tayari kutoka. Mama mwenye nyumba akaisogeza simu kidogo upande wangu, shetani wa mwanamke, au malaika, hadi leo sijui. Mawimbi yakavuma mezani. Na katikati ya mawimbi nikasikia mke wangu anakohoa. Kikohozi kidogo tu. Anasubiri.

Nikasimama. Nikatoka nje. Nikashika jembe, nikatazama juu na chini nitafute pa kuchimba. Hapakuwepo. Mlima wote, wangu na wa jirani, ulikuwa ngoro tupu, na mbele yake milingoti, na chini yake kisima kilichokufa. Nikasimama na jembe langu kama mlevi aliyekuta vilabu vyote vimefungwa. Nikasali Baba Yetu nikiwa nimesimama tu, bila kazi, na nilipofika pale nilipokuwa naruka siku zote, sikuruka. Nililisema lile neno la kusamehe haraka, kwa sauti ndogo, sikulipenda, lakini nililisema. Udongo haukutetemeka.

Nikaliegemeza jembe kwenye mlingoti wa kwanza. Nikashika njia ya barabarani. Pale nikasimamisha lori lililobeba mahindi linateremka ziwani, dereva akauliza, "Unakwenda wapi, mzee?" nikamwambia, "Chini."

Mambo ya sebuleni nimesimuliwa na mke wangu, yeye aliyasikia kwenye simu kabla haijakatika. Watu walibaki wakitazama mlango. Kisha mwenyekiti akakohoa akasema kwa besi yake:

"Tumsubiri kidogo. Mzee kaenda kujisaidia. Akirudi tutafunga kwa sala."

Kama waliifunga ile sala, sijui. Sikurudi.